Karatasi Iliyosema Siumwi

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mmenipa nafasi, basi mnivumilie, maana mimi maneno ya kuzungukazunguka siyawezi.

Miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa na mitumba inaanza kujaa sokoni, mgongo uliniangusha shambani kule kijijini Zuzu. Kupalilia mtama siwezi, ndoo kichwani siwezi. Mama mkwe akasema mimi mvivu. Mume wangu naye akatamka: hospitali wakisema huumwi, unarudi kwenu.

Nikaenda hospitali moja, sitaitaja. Walikuwa na dodoso la maumivu lililotafsiriwa kutoka Kizungu, wanalijaribu kwetu. Binti mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa: maumivu yanakuzuia kupanda ngazi za nyumbani? Nikasema hapana. Kuendesha gari? Hapana. Kusukuma mashine ya kukatia majani? Hapana.

Ndugu zangu, nawaambia, niliona aibu kumwambia msomi kwamba sisi tunakaa kwenye tembe, nyumba fupi za udongo, ngazi hatuna, na mimi hata baiskeli sijui. Sikusema uongo hata mmoja, na bado nikaumbuka. Alama zikajumlishwa, nikaandikwa sina tatizo. Mume wangu akaisoma ile karatasi, akaniambia nifunge vitu vyangu.

Sikufunga. Nilikasirika. Kesho yake jirani akanilaza kwenye mkokoteni wake wa punda, nikarudi kulekule, nikamtaka daktari mwenye dodoso.

Nikamwambia, "Daktari, maswali yako ni ya mtu mwingine. Niulize kuchota maji korongoni. Niulize kutwanga. Niulize kama naweza kuinama nikamwogesha mwanangu."

Akavuta kiti, akaanza kuandika.

Wiki ile akatuita kina mama tisa tumweleze kazi zetu, maswali yakatungwa upya. Tukaulizwa, na baada ya wiki mbili tukaulizwa tena, waone kama majibu yanalingana. Yangu yalilingana, nikaandikwa naumwa. Nikatibiwa, nikafundishwa mazoezi ambayo nafanya mpaka leo. Maumivu hayajaisha yote, nisiwadanganye, lakini mtama napalilia.

Namshukuru Mungu, na jirani yule, na kina mama wenzangu, na daktari aliyekubali kusahihishwa na mtu asiye na cheti. Mume wangu amekaa pale nyuma. Aliniomba radhi mbele ya mama yake, nami nikamsamehe, ingawa nilimsubirisha kidogo.

Na wewe uliyeandikwa mzima huku unaumwa, usiende kwenu kulia. Rudi ukawaambie wakuulize maisha yako.