Jambo Ambalo Mama Philister Hakuambiwa

Askofu wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Uthiru, ndugu na dada katika imani, na nyote mliofika, historia hii imeandikwa kwa mkono na Lornah, kifungua mimba wa marehemu, na inasomwa na Nashon, kitindamimba, kwa sababu Lornah amesema sauti yake haitafika mwisho. Wazee walimshauri Nashon aruke ukurasa wa pili, na yeye mwenyewe, kusema ukweli wa Mungu, juzi mchana aligombana na dada yake jikoni kuhusu ukurasa huo huo mpaka ugali ukaungua, akamwambia matanga si mahali pa kufufua mambo ya zamani. Lornah alimjibu kwamba kesho Mama atalazwa kando ya Namalwa kule Kimilili, na kuna jambo moja ambalo hakuambiwa akiwa hai, na yeye hatakubali lizikwe naye. Kwa hivyo itasomwa yote, na mwenye haraka atuvumilie.

Marehemu Mama Philister Nakhumicha Sifuna alizaliwa karibu na Kimilili mwaka wa 1929, tarehe haikuandikwa na mtu, mama yake alikumbuka tu kwamba ulikuwa wakati wa kupalilia, na marehemu, ambaye baadaye alikuja kupenda tarehe kuliko karani yeyote wa serikali, alijichagulia tarehe 2 Mei, na ole wake mjukuu aliyesahau kuja kumsalimia siku hiyo. Alisoma katika misheni ya kanisa la Friends huko Lugulu kuanzia mwaka wa 1940 hadi 1944, akafika darasa la nne, akajua kusoma, kushona na kuimba sauti ya pili, kisha baba yake akasema msichana amesoma vya kutosha, na jambo hilo alilinung'unikia mpaka uzeeni.

Tarehe 20 Desemba 1947 alifunga ndoa na Mzee Josephat Sifuna, aliyekuwa akilisha ng'ombe katika maabara ya mifugo ya Kabete, na mnamo Januari 1951 alipanda gari la moshi kumfuata Nairobi, akiwa amembeba mgongoni Lornah, aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1949. Walipewa chumba kimoja katika laini za wafanyakazi upande wa Uthiru, mlango mmoja, dirisha moja la mbao, na jirani mmoja wa ukuta kwa ukuta, Mama Kalekye, Mkamba mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, ambaye marehemu alimwita dada hadi alipofariki. Punde ikaja miaka ya Hali ya Hatari, askari wakigonga milango kuuliza karatasi, vyumba vya pili na vya tatu vikibaki vitupu bila mtu kuthubutu kuuliza wenyewe wamepelekwa wapi, na marehemu aliweka karatasi za mumewe ndani ya mkebe wa majani ya chai, akaufunga kwa kitambaa, akaulalia. Katika miaka hiyo hiyo ya hofu, tarehe 9 Agosti 1954, alijaliwa binti wa pili, Namalwa, mtoto mwenye mwanya, asiyejua kununa, aliyekuwa akimfuata Lornah kila mahali akishika upindo wa gauni lake, hata chooni, jamani, mpaka Lornah akawa anamkimbia.

Kazi ya kwanza ya marehemu hapa mjini ilikuwa kibarua cha kuchuma kahawa katika mashamba ya Loresho, alikokwenda kwa miguu alfajiri na wanawake wenzake wa laini, na wajukuu wake walipenda kumtania kwamba amechuma madebe na madebe ya kitu ambacho kanisa lake lilikuja kumkataza kuonja, naye alicheka, akasema Mungu alimwonyesha mapema aishibe kwa macho. Lakini akishacheka alibadilisha mazungumzo, na wengi wetu hatukujua kwa nini, isipokuwa mmoja.

Jumatano tarehe 14 Novemba 1956 kahawa ilikuwa imeiva yote kwa pamoja, mnyapara alikuwa amesema asiyefika siku hiyo asirudi tena, na Namalwa alikuwa na kifua tangu Jumapili, si kibaya sana, amekwisha kunywa dawa na uji. Marehemu alisimama mlangoni muda mrefu, akaenda, akarudi, kisha akamwachia Lornah mtoto, akimwagiza mambo matatu, kwamba ampe maji, asimtoe nje kwenye baridi, na jiko la makaa libaki nje ya mlango, lisiingie ndani kabisa, kabisa. Ndipo akashika kikapu chake akaondoka.

Huu sasa ndio ukurasa wa pili. Saa nne mvua ilianza, Namalwa akalia kwa baridi, na Lornah, kwa huruma tu, bila ubaya wowote moyoni, aliliburuta jiko likiwa jekundu akaliingiza chumbani, akafunga dirisha, akamfunika mdogo wake blanketi ya baba, akamwona amenyamaza na kufumba macho, akadhani amelala vizuri. Mvua ilipokatika alisikia wasichana wa Mama Kalekye wakiruka kamba upande wa pili, akafunga mlango polepole ili mtoto asiamke, akaenda kuruka, akaruka hadi saa saba. Aliporudi chumba kilikuwa na joto zito, kichwa kikamgonga pale pale mlangoni, na Namalwa hakuamka. Lornah alifanya jambo moja kabla ya kupiga kelele, na jambo hilo ndilo limemfanya aandike karatasi hii, alilivuta jiko akalirudisha nje mahali pake, akafungua dirisha, akapepea kwa kanga mpaka hewa ikawa hewa, ndipo akalia na watu wakaja.

Basi kila mtu akasema ni kifua, hata Mama Kalekye, hata dresa wa zahanati, na wengine, ambao Mungu awasamehe, walisema mama gani huyo anamwacha mtoto mgonjwa akafuate kahawa. Mzee Sifuna aliomba lori, mtoto akasafirishwa, akazikwa Kimilili tarehe 17 Novemba, nyuma ya nyumba ya bibi yake. Marehemu hakujitetea kwa neno hata moja. Alimkumbatia Lornah kaburini, akamwambia asilie, si kosa lake, ni kosa la mama, na Lornah, mwenye miaka saba na miezi tisa, aliificha sura yake katika nguo za mama yake, akakubali kufarijiwa.

Marehemu hakukanyaga tena shamba la kahawa. Kuanzia Februari 1957 alifanya kazi mjini, katika duka la vitambaa la Bwana Pranlal kwenye mtaa wa Bazaar, akishona matundu ya vifungo na pindo za sare za shule kwa miaka thelathini na moja, na Bi Kamla, mkewe Pranlal, alimpenda kwa ukimya wake, akimletea kila saa kumi kikombe cha chai yenye tangawizi na iliki, chai ambayo marehemu alisema ilikuwa dhambi yake ya mwisho kuiacha na ngumu kuliko zote. Tarehe 6 Juni 1958 alijaliwa Nashon, anayesoma. Aliwalea Lornah na Nashon kwa ukali wa mtu anayehesabu pumzi za watoto usiku, na Lornah alipojifungua binti mwaka wa 1971 na ukoo wote ukataka jina la Namalwa lirudi nyumbani, kama ilivyo desturi yetu ya kuwarudisha waliotangulia, marehemu alikataa katakata, akasema jina hilo halistahili kurudishwa na yule aliyelipoteza. Lornah alikuwa ameketi pale pale kitandani na mtoto kifuani, akanyamaza, na mtoto akaitwa Munyiva, jina la kuzaliwa la Mama Kalekye, kwa heshima yake.

Mzee Sifuna alifariki tarehe 11 Aprili 1987. Katika upweke wake marehemu alikutana na akina dada wawili wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, waliobisha kwake kuomba maji, akawapa maji na maswali ya saa tatu, na Jumamosi tarehe 12 Septemba 1992 akabatizwa, akiwa na miaka sitini na mitatu. Hakufanya imani nusunusu huyu mama. Chai aliiacha siku hiyo hiyo, kwa kuwa kanisa hilo linakataza chai na kahawa, mgeni akija anapewa maji moto na limau, akitaka akatae, na hata leo, wapendwa, mkitoka hapa mtakuta uji na maziwa, chai haipo, msitusumbue. Alihudumu katika Muungano wa Usaidizi wa Akina Mama, alitembelea wagonjwa, alifunga kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na zaidi ya hiyo alifunga kila tarehe 14 Novemba, siku ambayo Lornah alikuwa akija kufunga naye, wakikaa sebuleni, mmoja akilia kwa asichokifanya na mwingine akimtazama.

Wamisionari walipomfundisha kwamba mtoto aliyefariki kabla ya kutimiza miaka minane hana dhambi wala hahitaji ubatizo, marehemu aliinua mikono, akashukuru kwa ajili ya Namalwa. Lornah alikuwa chumbani humo, akafanya hesabu yake, miaka saba na miezi tisa, akaelewa kwamba hata yeye, kwa kitabu cha mama yake, siku ile ya jiko alikuwa mtoto asiye na hatia, na angeweza kufungua mdomo dakika ile ile na kusamehewa kabla hajamaliza kusema. Hakufungua. Aliona kwamba jiko lilikuwa la mtoto, lakini kimya cha miaka thelathini na sita kilikuwa cha mtu mzima, na hicho ndicho alichoogopa kuulizwa. Kwa miaka ishirini na sita alimsindikiza mama yake kanisani akakaa benchi la nyuma bila kubatizwa, marehemu akidhani ni ukaidi, akimwombea, kumbe binti alijua hawezi kuingia majini na jambo lile kinywani.

Hamu kubwa ya marehemu ilikuwa kwenda hekaluni, Johannesburg, aunganishwe milele na mumewe na watoto wake, Namalwa akiwemo. Mwezi wa Mei 2011 pasipoti ilikuwa tayari, sanduku limefungwa, gauni jeupe amelishona mwenyewe, na Lornah akampeleka kwa askofu kwa mahojiano ya kupewa kibali cha kuingia hekaluni. Alitoka mikono mitupu. Askofu wa wakati huo, ambaye yuko hapa na ameturuhusu kusema, alimweleza kwa upole kwamba hana kosa, kwamba kibarua si dhambi, akaweka karatasi mbele yake aisaini tu, na marehemu akairudisha, akasema hawezi kusimama nyumbani kwa Bwana na kuomba apewe mtoto ambaye alipewa akamwacha afe. Lornah alikuwa nje ya mlango, hatua nne, amesikia kila neno. Alimshika mama yake mkono, wakateremka ngazi, wakarudi Uthiru, na njiani wakazungumza bei ya nyanya. Ewe Lornah! Nashon amesoma mstari huu mara kumi na bado unamkasirisha, lakini dada yake ameandika chini yake kwamba hasira hiyo ni halali na asiifiche.

Tarehe 22 Oktoba 2018 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa, akarudi, akalazwa tena. Alasiri moja mwezi wa Februari akili ilimrudia wazi kabisa, akauliza habari za kila mjukuu kwa jina, wote tisa, na Lornah akavuta kiti, akamshika vidole, akasema Mama kuna jambo, na mama akamgeukia kwa yale macho yake, akangoja, na Lornah akaishia kumuuliza kama mto uko sawa. Marehemu alisema mto uko sawa kabisa. Baada ya siku hiyo hakuzungumza tena, na Jumanne tarehe 5 Machi 2019, saa tatu asubuhi, alituacha, akiwa na miaka themanini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza na kumwosha kana kwamba ni mama yao, majirani wa Uthiru ambao hawajaacha jiko letu lipoe tangu Jumanne, akina dada wa kata yetu ya kanisa waliomvika lile gauni jeupe, watoto wa marehemu Pranlal na Kamla waliofunga duka leo ili waje, wafanyakazi wenzake Nashon, na Munyiva, aliyelala naye hospitalini majuma mawili. Askofu ameeleza kwamba ukipita mwaka mmoja familia inaweza kwenda hekaluni kwa niaba yake, naye Lornah ameomba abatizwe kabla ya hapo, akubaliwe au asikubaliwe, ili awe miongoni mwa watakaokwenda.

Marehemu aliamini kwamba waliotangulia wanatujia mlangoni kutupokea, na kama ndivyo, basi Namalwa amekwisha kumwambia, na hilo ndilo linalomuumiza Lornah kuliko yote, kwamba mama yake ameusikia ukweli kwa mtoto wa miaka miwili, wakati mwenye kuusema alikuwa kando ya kitanda chake. Katika karatasi ya ukoo aliyoijaza Mama kwa mkono wake, kila jina na tarehe yake, mbele ya jina la Namalwa ameongeza neno ambalo fomu haikuuliza, nilimwacha. Leo asubuhi Lornah hakulifuta, ameandika chini yake, na ameomba maneno yake yasomwe jinsi yalivyo. Mama, hukumwacha peke yake, ulimwacha na mimi, na mimi ndiye niliyetoka. Pumzika kwa amani.