Shangazi Lupe na Mashine Iliyomsomea

Ndugu zetu mliotoka mji wa Neiafu na visiwa vya jirani, mimi ni Seini, mtoto wa kaka wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yetu, Lupe Vaipuna, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1958 kijijini Holonga, mtoto wa tatu wa Mzee Vaipuna na Mama 'Ofa.

Alisoma shule ya msingi papo hapo kijijini, akamaliza sekondari Neiafu mwaka 1976, na tarehe 5 Februari 1979 akaajiriwa katika maktaba ya mji, alikodumu miaka arobaini na minne. Aliolewa na Viliami, seremala, tarehe 20 Juni 1981, wakajaliwa Langi na Mateo.

Mwaka 2014 maktaba ililetewa kompyuta, pamoja na mashine inayosoma maandishi kwa sauti, shangazi akaifungia kabatini, akidai kitabu hakihitaji mdomo wa kuazima. Kumbe kisukari kilishaanza kumla macho, akatuficha sote, akipanga vitabu kwa kupapasa, akikosea rafu, akijifungia chooni kulia, maana aliogopa kuondolewa kazini. Mwenzake wa kazini, Losaline, tuliye naye hapa leo, aligundua, hakumsemea kwa mtu, akaitoa ile mashine, akaiwekea hadithi aliyoipenda shangazi, akamvisha vipokea sauti vya masikioni, naye akasikiliza hadi mwisho wa sura, ndipo akasema, “Losa, mdogo wangu, inasoma vibaya kama mchungaji mgeni, lakini usiizime.”

Tangu hapo mashine hiyo ilimsomea jina la kila kitabu kilichopita mezani kwake, naye akawatafuta wasioona wa vijiji saba, akawaleta mmoja mmoja. Mzee Paula wa Leimatu'a alikuwa na barua ya mwanawe aliyeko Auckland, ameikalia miaka miwili kwa kutotaka jirani amsomee, akaisikiliza peke yake, mlango umefungwa, shangazi amesimama nje akimlindia.

Mwezi Mei 2023 figo zilianza kushindwa, akalazwa, na tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa Viliami.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotulisha siku zote hizi, na wafanyakazi wenzake, hasa wewe Losaline, kwa kunyamaza na kwa kutenda.

Shangazi, maktaba inafunguliwa kesho saa mbili, Losaline yupo, Mzee Paula ameshasema atakuja. Pumzika kwa amani.