Upande Anaolalia

"Nani atakuwa anamgeuza?"

Muuguzi aliuliza hivyo siku mgonjwa aliporuhusiwa kurudi nyumbani. Mume, ambaye mtaa mzima unamwita Fremu kwa kuwa hakuna mlango wa jirani asioutengenezea fremu, alikuwa amebeba mto na viatu vya mkewe. Ghafla akaona umuhimu wa kwenda kuangalia kama teksi imefika. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akainama kufunga mfuko wa nguo. Muuguzi akaongeza, kama anayezungumza na ukuta, kwamba aliyepigwa na kiharusi haachwi akalalia upande mmoja mchana kutwa, ngozi itachubuka mpaka nyama. Kisha akaenda kitanda kingine. Tangu hapo anayegeuza ni shemeji, aliyeomba likizo kwenye kiwanda cha mikate kwa ajili hiyo. Fremu yeye ana karakana, na mbele ya karakana kuna benchi.

Benchi lenyewe kalitengeneza kwa masalia ya mbao, refu la kukaliwa na wanne, mguu mmoja mfupi ukakingwa tofali. Seremala gani hajui kusawazisha mguu wa benchi? Anajua. Ila akiusawazisha, watu watakosa la kumsema. Hapo kila alasiri hukaa Ibara, karani mstaafu wa mahakama, asiyeweza hata kuomba sukari bila kutaja kifungu; Besi, kinyozi, mwenye sauti nzito kuliko wote kwenye kwaya ya kanisa; na Msimamizi, fundi wa matairi, aliyesimamia harusi za nusu ya mtaa, ya Fremu ikiwemo. Katikati yao chupa ya kahawa. Alasiri hiyo ajenda ilikuwa moja: likizo ya shemeji imekwisha, kesho alfajiri anapanda basi.

— Sasa nifanyeje, jamani? Fremu aliuliza. Niliapa kanisani.

— Tulia, kwanza tutafsiri, alisema Ibara, akituliza kikombe gotini. Uliapa nini hasa?

— Kwa raha na kwa shida, kwa afya na kwa ugonjwa.

— Ugonjwa upi?

— Mzee, ugonjwa ni ugonjwa.

— Hapo ndipo mnapofungwa, vijana. Kiapo kinasomwa kwa nia ya siku ile. Siku ile ulikuwa na nia ya ugonjwa gani? Mafua. Homa. Jino. Tukikubana sana, mguu kuteguka. Kiharusi hakikutajwa. Kingetajwa, ungeuliza swali.

— Ningeuliza, Fremu akakiri, akajisikia nafuu kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

— Ibara, unakwenda mbali bure, alisema Besi, sauti ikitoka chini kama ndani ya pipa. Mimi nilikuwepo kwaya, nimeona kwa macho yangu. Maneno yale aliyasema nani? Mchungaji. Huyu alirudia tu.

— Kurudia si kusema?

— Kasuku anasema? Umewahi kuona kasuku kashtakiwa kwa matusi aliyofundishwa? Mimi mwenyewe kila Jumapili naimba kwamba niko tayari kuacha vyote. Nimeacha nini? Hata kile kiti cha karibu na feni sijamwachia mtu.

— Amina, alisema Msimamizi.

Fremu alicheka. Halafu akamgeukia huyo wa amina.

— Wewe lakini hukurudia ya mchungaji. Uliulizwa mbele ya watu kama utaisimamia ndoa hii, ukajibu "nitaisimamia" kwa kelele mpaka watoto wakalia.

— Ndugu yangu, mimi nilishika pete. Pete imeingia kidoleni, kazi yangu imekwisha. Nikikuzibia pancha, ukaenda ukachomwa na msumari mbele ya safari, utanirudia mimi?

— Kwa hiyo nibebe peke yangu?

— Utabeba tu! Wahenga hawakuacha kitu: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yaani mwepesi huo. Usufi, Fremu!

— Methali haina maana hiyo, Besi akanong'ona.

— Ina maana gani basi?

Besi alifikiri, akaona heri anywe kahawa.

— Na kwani wanawake wamekwisha? Msimamizi akaendelea. Kuna dada zake, kuna shangazi, kuna akina mama wa kanisa. Mwanamke kaumbiwa mkono wa kuuguza. Wewe umeumbiwa randa.

Fremu akachukua kikombe chake. Kuna mwaka mgongo ulimshika akiinua kabati, na msimu mzima wa mvua hakuweza kuinama. Mkewe, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyekuwa akimvisha soksi kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha watoto wa watu kuvaa zao. Hakumtafuta karani amtafsirie soksi zimo kifungu gani. Fremu aliliona wazo hilo likipanda, akalishusha kwa funda la kahawa.

— Mnasahau kifungu kikuu, alisema Ibara, akakohoa kama mahakama inaingia. "Mpaka kifo kitakapotutenganisha." Nijibu: daktari alisemaje kuhusu upande wa kushoto?

— Alisema umekufa ganzi.

— Umekufa! Sijasema mimi, kasema daktari. Upande mmoja umekufa, mmoja uko hai. Kwa hiyo, kisheria kabisa, wewe ni mfiwa nusu.

— Mfiwa nusu! Besi akapiga paja.

— Na nusu iliyobaki, Msimamizi akadakia, watakusaidia akina mama wa kanisa. Inakubakia robo. Robo ya mke! Hata mimi robo naiweza!

Walicheka mpaka benchi likagongagonga tofali. Fremu naye alicheka, kwa sauti kuliko wote, na katikati ya kicheko akauona akilini ule mkono wa kushoto wa mkewe. Ulikuwa umevimba hospitali, pete ikatolewa kwa sabuni, naye akaitia kwenye kopo la misumari humo karakana ili isipotee. Sasa kila akichovya mkono kutafuta msumari anaigusa. 

Shemeji akatokea kwa upande wa nyumba, mikono ya blauzi imekunjwa, kiganja kimoja kikishika kiuno kama mtu anayekisaidia kisimame. Kijiwe kikakaa vizuri. Msimamizi hata akafunga kifungo cha shati.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu! Karibu kahawa, alisema Ibara. Tulikuwa tunamshauri shemeji yako mambo ya kiapo.

— Ahsante, mzee. Nina swali moja tu, nirudi. Saa hizi dada amelalia upande gani?

Ibara akajimiminia kahawa kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. 

— Upande wa… kulia? alisema Besi, kama mtoto anayekisia jibu la hesabu.

Msimamizi alikuwa amekuja na tairi la mteja, akaanza kulikagua kwa makini makubwa. Fremu alitazama vidole vyake. Alijua kila mlango wa mtaa huu unafungukia upande gani.

— Mgonjwa haulizwi uji, Ibara akajaribu.

— Uji amekunywa, mzee. Nimeuliza upande.

Hakupaza sauti. Angepaza, wangepata la kusema: wangemtuliza, wangemwambia amechoka, wangemhesabia baraka zake mbinguni. Alisimama tu akisubiri, na kadiri alivyosubiri ndivyo kahawa ilivyopoa.

— Kesho naondoka, akasema. Leo nataka nimgeuze na mtu anaona. Nikiwa peke yangu navuta shuka, naye anaumia. Hasemi, lakini namwona anauma midomo.

Miaka yote Fremu amewagombeza vibarua kwa kosa moja. Ubao mrefu haugeuzwi na mtu mmoja, utapasuka au utakupasua; mmoja huku, mmoja kule, mnatazamana usoni, mnaanza pamoja. Na hakuna kibarua, hata yule mvivu kuliko wote, aliyewahi kumwambia kwanza tutafsiri neno "mrefu".

Akainuka.

Benchi, likiwa limekosa mtu wa upande wake, likainama. Ibara akaokoa chupa, Besi akaokoa kikombe, Msimamizi hakuokoa kitu na kahawa ikamshukia surualini. Fremu alipokata kona ya nyumba aliwasikia nyuma wameshaanza shauri jipya: nani kati yao, kwa haki, anapaswa kuhamia upande wa tofali.

Mlangoni, kwenye fremu aliyoichonga mwenyewe mwaka wa harusi, akasimama, shemeji akatangulia kuingia. Ndani, kitanda kililia kidogo.

— Nashika wapi, shemeji?

Shemeji alimtazama kuanzia viwikoni mpaka kwenye kucha.

— Una vumbi la mbao. Kanawe mikono kwanza.