Mama Baruti Anakabidhi Kitufe

Ijumaa, tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kupasua mawe ya chokaa kwa heshima na kishindo, mlipuaji miamba wetu mkuu, Mama Baruti, anastaafu. Kilima alichokikuta siku ya kuajiriwa hakipo tena. Kimeondoka kwa malori, kikawa saruji, rangi za ukuta na dawa ya meno, na mama mwenyewe hajapoteza hata ukucha.

Alianza kwa kubeba nyaya, akapanda hadi kwenye kitufe cha kulipulia. Utaratibu wake sote tunaujua: habonyezi mpaka kila mtu wa zamu asimame mbele yake, naye Mama amwone uso kwa uso. Kuitikia jina hakutoshi. Husema kwamba mwenzako anaweza kukuitikia, lakini pua yako lazima uilete mwenyewe. Hata mkuu wa machimbo hupanga foleni, tai shingoni, vumbi masikioni.

Wapo waliouona utaratibu huo kuwa usumbufu mtupu. Mwaka wa ile mvua kubwa, malori ya kiwanda cha saruji yalijipanga getini, mkuu amepandwa na mori, na Mama amekunja mikono. Dereva wa kijiko cha kuzolea mawe, tunayemwita Gia Moja, alikuwa ameitikiwa jina na rafiki yake, lakini uso haukuonekana. Mkuu akamwambia Mama abonyeze au aende kwao. Mama akamkabidhi kofia ngumu, akaanza kufungasha chakula chake cha mchana. Ndipo mkuu, shingo upande, akatuma watu shimoni. Gia Moja alikutwa chini ya mwamba uleule uliojazwa baruti, amevua viatu, anakoroma. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Kofia ilirudishwa kwa mikono miwili.

Gia Moja, kwa kuwa hana haya, baadaye akamwoa binti wa Mama. Harusini mpiga picha alishindwa kuwatuliza wageni, Mama akajitolea kumsaidia kuhesabu: tatu, mbili, moja! Wachimbaji wote tukapiga mbizi chini ya meza. Wakwe, wakidhani ndiyo mila ya upande wetu, nao wakaingia na mikoba yao. Pichani amebaki bibi harusi peke yake, na viatu vya bwana harusi vinachungulia chini ya keki.

Ijumaa atabonyeza kwa mara ya mwisho, na tutapanga foleni kama kawaida. Ombi letu ni moja: mtu asijifiche nyuma ya lori ili alie machozi. Akikosekana mmoja, Mama hatabonyeza, na sherehe italala.

Asante, Mama, kwa kuturudisha nyumbani wazima kila jioni, hata sisi wabishi. Tunakuombea miaka mingi ya utulivu na usingizi mnono wa mchana. Nenda bila wasiwasi, sote tupo.