Injinia Parminder na Mpira Wake wa Maji

Ijumaa, tarehe 31 Julai, Mhandisi Parminder Kaur Rehal atatoka katika ofisi yetu ya Westlands akiwa mstaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Nimesema atatoka. Sikusema atapumzika, kwa sababu sisi tunaomjua hatujawahi kuona jambo hilo likitokea. Kiti chake ndicho kinachoonekana kipya kuliko vyote ofisini, ingawa vilinunuliwa siku moja. Chai huinywa amesimama dirishani, akitazama mvua inavyotiririka barabarani na kukasirika inapokwenda isikotakiwa.

Alikuja kwetu akiwa binti wa fundi seremala wa Ngara, wakati ambapo kumwona mhandisi mwanamke ndani ya mtaro wa ujenzi kulikuwa jambo la kusimuliwa nyumbani. Siku ya kwanza vibarua walidhani amemletea mtu chakula. Kufika jioni alikuwa na matope hadi magotini, na wao walikuwa wakimwita Injinia. Mitaro ya mvua aliyoichora imetapakaa kuanzia katikati ya jiji hadi kandokando ya Ngong Road. Watu huikanyaga bila kujua. Mimi, niliye dereva na pia mtunza stoo, ninajua kwa sababu tukikwama kwenye msongamano alikuwa akifungua mlango na kushuka. Magari yakisogea, nilimkuta mbele ameinama juu ya mtaro ulioziba, akigombana na chupa za plastiki.

Lakini kazi iliyomshika moyo ni ya shule. Kila Jumanne muhula ukiwa umeanza, tulikwenda shule moja ya sekondari ili awaambie wanafunzi kwamba uhandisi ni kazi ya kupendeza. Mwanzoni hakufaulu hata kidogo. Alivaa suti, akabeba picha za majengo marefu, akazungumza vizuri. Wanafunzi nao walilala vizuri. Waliokuwa macho waliuliza mshahara.

Mambo yalibadilika katika shule moja ya wasichana karibu na Jamhuri. Siku hiyo aliziacha picha garini, akawauliza ni kitu gani hapo shuleni kinawakera. Walijibu kwa sauti moja: dimbwi la penye mifereji ya kunawia. Injinia akanituma nilete mpira wa maji. Ni mpira mrefu mwembamba wa plastiki, unaoonyesha kilichomo ndani. Ukiujaza maji, yale ya ncha hii na yale ya ncha ile hukaa usawa mmoja, basi unajua ardhi inainama upande gani. Wasichana walipima, wakapiga vigingi, wakachimba mtaro kwa majembe ya shambani. Tuliondoka tukiimbiwa.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na maji yakafuata mtaro ule kwa utiifu hadi ndani ya chumba cha walimu. Naibu mwalimu mkuu, Bwana Waithaka, alitupokea langoni amebeba viatu mkononi. “Injinia,” alisema, “mlituchimbia mtaro ama bwawa?”

Mtu mwingine angelaumu vipimo vya wanafunzi. Yeye aliomba darasa lote litoke nje. “Nimekosea,” aliwaambia. “Njooni mnisaidie kutafuta ni wapi.”

“Ati injinia amekosea!” mmoja alipiga kelele, na kicheko kikazunguka uwanja mzima. Halafu wakaanza kutafuta. Hakuna aliyelala siku hiyo. Waligombania majembe, wakapima upya, wakabishana. Mwishowe msichana mmoja aitwaye Nyawira aliuinua mpira kuelekea kwenye jua.

“Madam, kuna hewa hapa katikati! Hii kitu imekuwa ikitudanganya!”

Kilikuwa kiputo kisichozidi ukubwa wa harage. Hewa ikiingia katikati ya mpira, zile ncha mbili haziambiani ukweli tena. Kufika saa kumi mtaro ulikuwa umeelekezwa bustanini, na Bwana Waithaka amevaa viatu. Wakati tukikunja vifaa, msichana mwingine alimfuata Injinia hadi garini. “Kwani kazi yenyewe ndiyo hii? Kukosea halafu kurudi?”

“Kukosea kila mtu anajua,” alimjibu. “Kurudi ndiyo kazi.”

Tangu hapo picha za majengo hazikutoka kwenye kabati. Katika kila shule, Injinia aliacha kiputo ndani ya mpira kwa makusudi, akasubiri. Nyawira sasa anasomea uhandisi chuo kikuu, ingawa ni wa mitambo, si wa maji, jambo ambalo Injinia Parminder bado hajamsamehe.

Naomba niongeze jambo moja la kwangu. Mwaka jana, tulipomzika mke wangu Nzula kule Mwala, Injinia alikuja na wenzetu wa ofisi. Watu wote waliketi chini ya turubai. Yeye aliketi dakika chache, akaitazama ardhi, akalitazama wingu, kisha akamwendea shemeji yangu na kumwomba jembe. Alichimba mtaro kuzunguka turubai akiwa na kitambaa chake cheupe kichwani, na hakuna aliyethubutu kumkataza. Mvua ilikuja wakati wa hotuba. Sikumbuki hotuba hata moja ya siku ile. Nakumbuka miguu ya waombolezaji ilikuwa mikavu.

Miezi hii ya mwisho imekuwa ya wasiwasi. Ofisi iliamua kwamba asipopatikana mtu wa kuchukua safari za Jumanne, zitakoma, na shule zitatumiwa filamu fupi. Injinia alizunguka meza baada ya meza. Kila mhandisi alimsifu, na kila mmoja alikuwa na kazi nyingi. Kijana wetu Wahome alikuwa muwazi kuliko wote: “Madam, wacha mimi nibaki na kompyuta. Hao watoto watanicheka.” Tangu siku hiyo Injinia alikuwa akija stoo mara kwa mara, akiutazama mpira kwenye msumari wake kama mtu anayemwacha mgonjwa.

Jumanne iliyopita tulimwandalia chai ya kumuaga. Siku hiyohiyo kulikuwa na shule ya Dagoretti Corner iliyokuwa ikitusubiri, na hakuna aliyejitolea. Injinia hakugusa keki. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, na katikati ya hotuba ya meneja niliona ameshabeba mkoba wake. Nikateremka stoo kumchukulia mpira. Msumari ulikuwa mtupu.

Nilirudi juu, na nilikuwa bado nahangaika kutafuta maneno ya kumwambia Injinia, simu yake ikalia. Alikuwa Wahome. Alikuwa ameondoka kwa bodaboda, mpira umezungushwa begani, bila kumwambia mtu yeyote. “Madam,” sauti yake kwenye spika ilisikika chumba kizima, “huu mpira unajazwa kwa mfereji ama kwa ndoo?” Nyuma yake wanafunzi walikuwa wakipiga kelele, “Ati hajui! Injinia hajui!”

Sote tulimwona akielekea mlangoni. Kisha akasimama.

“Jaribu,” akamwambia. “Halafu uangalie vizuri.” Akakata simu, akaweka mkoba chini, akaketi kwenye kile kiti chake kipya, na kuomba kikombe cha pili. Nusu ya kwanza aliinywa ameketi. Nusu ya pili aliinywa dirishani.

Injinia, asante kwa mitaro, kwa shule, na kwa ule mtaro mdogo wa Mwala. Nenda na afya njema na miguu mikavu. Na ikitokea Jumanne huna la kufanya, mlango wa stoo unaujua.

Muema, Stoo na Usafiri