Bi Riyama na Samaki Wasiomjua

Nyuma ya kiwambo cha makuti, kando ya bwawa la Mkokotoni, hapana mtu tangu Jumatano. Hapo ndipo dada yetu, Bi Riyama Ghanim Mansour, alipojificha kila asubuhi, akirusha chakula majini bila ya samaki kumwona. Alitaka wale, lakini wasimjue.

Alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, tarehe 9 Agosti 1971, mtoto wa kwanza wa karani wa bandarini. Mama alikuwa akisema Riyama hakupokea hata tende mpaka amtazame mtoaji usoni. Alisoma hapo hapo mjini, kisha Dar es Salaam, alikohitimu elimu ya wanyama mwaka 1996.

Kwa miaka ishirini na saba alifanya kazi kwenye kituo cha kuzalisha samaki. Huko alipima ubongo wa mwatiko waliokulia tangini, akaukuta mdogo kuliko wa wenzao wa baharini wenye uzito sawa. Kivuli cha ndege hakikuwashtua. Kivuli cha mtu kiliwaita. Mwaka 2024 alichimba bwawa lake mwenyewe, akatia mawe na mizizi ya mikoko, samaki wapate pa kujificha na cha kufikiria.

Aliolewa tarehe 3 Disemba 1999 na Bwana Hafiz Bakar, mwalimu wa Mkokotoni. Siku moja alimkuta mumewe ukingoni mwa bwawa na mkate wa boflo mkononi, samaki wamejaa miguuni pake.

"Wananipenda hawa," Hafiz akasema.

"Hawakupendi, baba Nadra. Wamesahau khofu. Kesho atakuja mwenye nyavu, nao watamkimbilia hivi hivi."

"Wewe hata samaki unawatilia shaka?"

"Nawe nilikutilia shaka miaka mitatu. Si nikakukubali?"

Maradhi ya figo yalimwanza Ramadhani iliyopita. Hospitali aliuliza jina la kila kidonge, kisha akamuuliza muuguzi mwengine. Alifariki nyumbani, alfajiri ya Jumatano, 14 Januari 2026. Maneno yake ya mwisho alimwambia bintiye, Nadra: "Nani kawalisha?"

"Mimi, mama. Nyuma ya kiwambo."

"Hawakukuona?"

"Hawakuniona."

Samaki hao mia mbili walikuwa wafunguliwe baharini Jumamosi hii; ndiyo kazi aliyotuachia. Lakini jana nilisimama ukingoni, wakapanda juu, midomo wazi. Kuna mtu anawalisha kwa mkono, na ni mmoja wetu. Yameonekana makombo ya boflo, na matanga haya sote tunakula boflo. Shemeji Hafiz amesema si yeye. Tunamwamini, ingawa miaka mitatu haijapita.

Nadra ameahirisha safari yao ya baharini mpaka wajifunze upya kuogopa. Tunawaomba jamaa wote: msiwaonee huruma.

Ameacha mume, watoto wawili, Nadra na Sami, na mimi mdogo wake, Abdulrazak. Mola ampe amani asiyohitaji kuichunguza.

Kaburi lake liko upande wa pili wa bwawa, nyuma ya ukuta. Kutoka majini halionekani.