Barua ya Mama Wivine

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza letu, Mkurugenzi mpya Papa Anaclet, wakubwa wa idara, wafanyakazi wenzangu, mabibi na mabwana mliokuja kuniaga:

Ninastaafu leo, na mmenisifu mpaka nimeona haya. Jamani! Kwa miaka tisa ni nani aliyepanga siku zangu, akapunguza ukali wa barua zangu, akajua mgeni gani apewe chai na yupi aagwe mapema? Ni sekretere wangu, Mama Wivine, yule anayejificha kule nyuma.

Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu kule Katuba. Shule yake ilipofungwa akaja kwetu, ana miaka arobaini na mitatu, anaandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja. Nilimpa mwezi wa majaribio kwa huruma tu, sifichi.

Mkutano wake wa kwanza, saa mbili kamili, akafunga mlango na kuanza kuita majina! "Israël?" Mkuu wetu wa usafirishaji, mtu mzima na mvi zake, akasimama wima: "Présent, Madame!" Mara mlango ukagongwa. Akachungulia: "Papa, tulishaanza. Ungojee kwanza inje." Na aliyeachwa nje alikuwa nani? Mheshimiwa Mwenyekiti, usicheke, ulikuwa wewe!

Ulitaka afukuzwe siku ileile. Akaja kuniaga analia: "Patron, mie nilizobelea batoto." Yaani amezoea watoto tu. Nikamwambia abaki, kwa maana asubuhi ile wakubwa wote wa idara walikuwa wamefika kwa wakati, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliweza.

Sasa nasikia atatafutwa mtu mwenye diploma ya kazi hiyo achukue nafasi yake. Papa Anaclet, huna kosa. Umekuta faili lake limeandikwa "wa muda". Kosa ni langu. Kila Desemba nilimwahidi kumthibitisha kazini, na kila Desemba nilisahau, kwa sababu alinikumbusha mambo ya watu wote isipokuwa ya kwake. Nimeona aibu sana.

Basi jana niliiandika barua hiyo ya kumthibitisha mwenyewe, kwa mkono, na Mwenyekiti ameitia saini. Makosa yamo, nadhani. Ni barua pekee iliyotoka ofisini kwangu bila yeye kuijua.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia hadi hapa. Mama Wivine, pita mbele uichukue. Na unisamehe, mama.